Kituo cha taka kila mtaa unakihitaji, nani akae nacho jirani?

Gari la taka likichelewa siku tatu, mtaa mzima unalalamika. Serikali ya mtaa ikitangaza kwamba kimepatikana kiwanja cha kujenga kituo cha kukusanyia taka hizo kabla hazijapelekwa dampo, mtaa huohuo unalalamika zaidi. Wazazi ndio huwa wa kwanza kusimama mkutanoni. Watoto wetu wanapita hapo kwenda shule, wanasema. Kile kisima je? Nzi watakaojaa jikoni je?

Wapo viongozi wanaoyaona malalamiko hayo kama ubinafsi tu: watu wanataka usafi, lakini hawataki kuubeba. Lawama hiyo ina ukweli kidogo, ila historia ya Dar es Salaam inaonyesha kuwa wananchi waliogoma mara nyingi walikuwa na hoja nzito kuliko waliowapelekea taka. Inaonyesha pia jambo jingine lisilopendeza kusemwa. Mtaa mmoja ukishinda, taka haziyeyuki. Zinahamia kwa watoto wa mtu mwingine.

Kituo chenyewe ni nini

Watu wengi wakisikia "kituo cha taka" wanafikiria dampo. Ni vitu viwili tofauti. Dampo ni mahali taka zinapomwagwa zikabaki hapo miaka yote. Kituo cha kuhamishia taka ni mahali pa kupita. Mikokoteni, guta, bajaji za mizigo na kirikuu zinaleta taka kutoka majumbani, zinamwaga kwenye sakafu au kwenye kontena kubwa, halafu lori moja kubwa linazibeba zote kwenda mbali.

Sababu yake ni hesabu ya mafuta na muda. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka katikati ya jiji, na foleni ikikaza ni zaidi ya hapo. Kijana wa mkokoteni hawezi kusukuma taka za Buguruni hadi Pugu. Akikosa mahali halali pa kuzipeleka, atazimwaga usiku kwenye mtaro, kando ya reli au katika bonde la Mto Msimbazi. Mvua za masika zikija, mtaro ulioziba unarudisha kila kitu mlangoni: maji, kinyesi cha vyoo vilivyofurika, na magonjwa ya tumbo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 haujasahaulika na waliouguza.

Kwa hiyo kukosa kituo nako kunaumiza watoto. Hilo liwekwe mezani mapema, kwa sababu mikutano mingi ya mitaa huendeshwa kana kwamba chaguo ni kati ya kituo na hewa safi. Mara nyingi chaguo halisi ni kati ya kituo kinachosimamiwa na kizimba cha holela ambacho tayari kipo nyuma ya soko, kisicho na ukuta, kisicho na mlinzi, na ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiombea kibali.

Tabata walipokwenda mahakamani

Mwaka 1988, wakati sensa ilipohesabu watu wapatao milioni 1.36 mkoani Dar es Salaam, taka za jiji zilikuwa zinamwagwa Tabata. Zilikuwa zinachomwa au zinawaka zenyewe. Moshi uliingia ndani ya nyumba, harufu ikakaa kwenye nguo, nzi wakatua kwenye sahani. Wakazi walikuwa wamelalamika bila mafanikio. Wakafungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya halmashauri ya jiji.

Walishinda. Jaji Lugakingira aliitaka halmashauri iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali pengine pasipodhuru watu. Halmashauri haikuhama haraka. Ilirudi mahakamani kuomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga palepale, na katika kulikataa ombi hilo jaji alitoa maneno ambayo wanasheria wa mazingira nchini wanayarejea hadi leo. Kwa ufupi alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mbele ya mahakama, bila haya, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alijenga hoja yake juu ya ibara ya 14 ya Katiba, inayotoa haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii.

Ni vigumu leo kueleza uzito wa jambo hilo. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 tu, na zilianza kutumika mahakamani mwaka huohuo wa 1988. Na miongoni mwa watu wa kwanza kuzitumia walikuwamo wakazi waliochoshwa na moshi wa takataka.

Kisha taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako kulikuwa na watu. Mwaka 1991 wakazi 750 kwa pamoja walikwenda Mahakama Kuu wakiwa na hoja rahisi: katika ramani ya mipango miji ya jiji lenyewe, eneo lao lilitengwa kwa makazi. Jaji Rubama aliwapa ushindi. Uamuzi wa kutumia eneo hilo ukatenguliwa, halmashauri ikazuiwa kuendelea, na ikaagizwa itimize wajibu wake wa kutafuta eneo linalofaa kisheria.

Baada ya hapo zamu ikaangukia Vingunguti. Nyumba zimebanana, bonde la Msimbazi liko chini yake, na machinjio yalikuwa huko tayari. Vingunguti ikapokea kile ambacho Tabata na Kunduchi walikikataa, ikakaa nacho takriban miaka kumi. Ikafuata Mtoni, upande wa Temeke, karibu na bahari. Ndipo Pugu Kinyamwezi.

Ukizifuata taka za Dar es Salaam kwa miaka hiyo utaona mambo mawili. La kwanza, ni kweli mahakama inaweza kumsikiliza mwananchi wa kawaida. La pili, hakuna hata mara moja ambapo swali la "wapi?" liliulizwa mapema, kwa utulivu, kabla ya eneo la zamani kujaa au kukataliwa. Kila mara lilijibiwa kwa haraka, na kazi ya haraka huishia kwa wasio na sauti.

New York nayo haikuwa na jibu rahisi

Anayedhani hili ni tatizo la miji maskini aangalie New York. Jiji hilo lilifunga dampo lake kubwa la Fresh Kills, kisiwani Staten Island, mwaka 2001. Kuanzia hapo taka zote za majumbani zilipaswa kusafirishwa nje ya jiji, na ili zisafirishwe zilihitaji vituo vya kuzihamishia. Vituo vingi vya binafsi vilikuwa vimerundikana katika maeneo machache: kusini mwa Bronx, kaskazini mwa Brooklyn na kusini mashariki mwa Queens. Wakazi wa maeneo hayo wengi ni Wamarekani weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kusini. Malori yalipita mbele ya shule zao mchana na usiku, na Bronx ya kusini inajulikana kwa watoto wengi wenye pumu. Manhattan, yenye maghorofa ya matajiri na takataka zake nyingi, ilikuwa inazituma huko.

Mwaka 2006, chini ya Meya Michael Bloomberg, jiji lilipitisha mpango uliosema kila wilaya kuu ibebe sehemu ya mzigo wake. Mojawapo ya vituo ingejengwa upya kandokando ya mto, Mtaa wa 91 Mashariki, eneo la Upper East Side. Meya mwenyewe alikuwa anaishi Upper East Side, jambo ambalo si la kawaida katika habari za namna hii.

Wazazi waliwaka moto. Kituo kinapakana na Asphalt Green, uwanja wa michezo na mabwawa ya kuogelea unaotumiwa na maelfu ya watoto, na magari ya taka yangepanda daraja lililo jirani kabisa na uwanja. Karibu yake pia zipo nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, kwa hiyo si haki kusema waliopinga wote walikuwa mabwanyenye. Walikwenda mahakamani. Kimbunga Sandy kilipofurisha kingo za mto mwaka 2012, waliuliza kwa nini kituo cha taka kijengwe mahali panapoingia maji. Hoja hiyo ilikuwa nzuri. Wazazi wa Bronx nao walikuwa na yao: watoto wetu wamevuta moshi wa malori yenu kwa miaka mingi, mlikuwa wapi?

Kituo kilifunguliwa mwaka 2019, baada ya miaka 13 ya mabishano. Jengo limefungwa pande zote, hewa inavutwa kuingia ndani ili harufu isitoke, na taka zinashindiliwa kwenye makontena yaliyofunikwa, yanayoondoka kwa majahazi mtoni badala ya malori barabarani. Mwaka mmoja kabla ya hapo jiji lilikuwa limepitisha sheria ya kupunguza kiasi cha taka kinachoruhusiwa katika vituo vya maeneo yale yaliyolemewa, kwa nusu katika Brooklyn ya kaskazini na kwa theluthi moja kwingineko.

Yote hayo yasingewezekana kama wazazi wa Bronx wangeendelea kusema tu "hatutaki". Walichodai ni mgawanyo, na walidai kwa tarakimu: malori mangapi, tani ngapi, barabara ipi. Wazazi wa Manhattan nao, ingawa walishindwa kuzuia kituo, waliwaachia watoto wao jengo ambalo mradi wa bei rahisi usingelijenga kamwe.

Mtoto anadhurikaje hasa

Kuna hofu za kweli na kuna za kukuzwa, na mzazi anayetaka kusikilizwa ni vyema azitenganishe.

Hatari inayozungumzwa sana ni harufu. Harufu ni kero, huharibu hamu ya kula na usingizi, lakini yenyewe peke yake haielezi magonjwa. Inachotangaza ni kwamba taka zimekaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Zikikaa, nzi wanazaliana na panya wanahamia, na nzi aliyetua kwenye taka akahamia kwenye uji wa mtoto ana njia fupi sana ya kuleta kuhara.

Hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha ni magari. Malori makubwa yanayosubiri kwenye foleni huku injini zinanguruma yanatoa moshi wa dizeli, ambao tangu mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na pua yake iko chini zaidi, karibu na bomba la moshi. Kisha kuna ajali. Kirikuu inayokimbiza raundi ya sita saa 12:30 asubuhi inakutana barabarani na wanafunzi wa darasa la kwanza.

Ya tatu ni kuchokonoa. Chupa tupu za plastiki na vyuma chakavu vinauzwa kwa kilo, na watoto wanalijua hilo. Kituo kisicho na uzio ni dukani kwa mtoto asiye na hela ya andazi. Humo mna vioo, sindano, betri, makopo ya dawa za wadudu. Mlinzi na geti lenye kufuli ni kinga kubwa kuliko mabango kumi.

Na pale ambapo taka zinachomwa au zimerundikana kwa miaka, mambo hubadilika kabisa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa jirani na dampo la Dandora, Nairobi. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kupita kiwango kilichohesabika wakati huo kuwa cha hatari, na risasi hushambulia ubongo unaokua. Dandora ilikuwa imetangazwa kujaa mwaka 2001. Mpango wa kuihamishia Ruai ulipingwa na mamlaka za viwanja vya ndege, kwa sababu ndege wanaofuata taka wangeweza kuingia kwenye injini za ndege zinazotua. Mwaka 2021 mahakama iliamuru dampo lifungwe ndani ya miezi sita. Ndege za abiria, inaelekea, zilipata mtetezi mapema kuliko watoto wa Korogocho.

Hayo ni madhara ya dampo, si ya kituo cha kupitishia. Tofauti hiyo itajwe kwa haki. Lakini kituo ambacho lori lake limeharibika wiki mbili huanza kuwa dampo, na wiki mbili zikiwa miezi sita, limekwisha kuwa.

Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya namna hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi washirikishwe. Kushirikishwa si kusainishwa mahudhurio. Mzazi anayesimama na kusema "tunakataa" huandikwa kwenye muhtasari kama mmoja wa waliokataa. Anayesimama na maswali huacha kazi kwa mhandisi.

Aulize kwanza taka zitakaa kituoni saa ngapi. Jibu zuri ni kwamba zinaondoka siku ileile. Afuatishe papo hapo: lori likiharibika, lipo jingine? Mkataba wa mzabuni unasemaje, na nani anamtoza faini asipokuja? Hili ndilo swali kuu kuliko yote, kwa sababu vituo vingi vinavyochukiwa havikujengwa vibaya. Viliachwa.

Sakafu ni ya zege au ni udongo? Maji meusi yanayochuruzika kwenye taka yanakwenda wapi, kwenye shimo lake au kwenye mtaro unaopita nyuma ya nyumba? Kuna paa? Mvua ikinyeshea taka, maji hayo machafu huongezeka mara nyingi. Kisima cha karibu kiko umbali gani, na eneo linafurika masika? Wazee waliozaliwa hapo wanalijua jibu la hilo kuliko ramani.

Barabara je? Magari yatapita njia ipi, na yanaweza kusimama kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi na wakati wa shule kutoka? Hili ni ombi dogo lisilogharimu fedha, na ni mara chache kukataliwa likiombwa kabla ya mkataba kusainiwa. Baada ya hapo ni vita.

Halafu kuna swali ambalo halmashauri hazilipendi: maeneo mengine yaliyofikiriwa ni yapi, na yaliachwa kwa sababu gani? Mwongozo uliotolewa na Mamlaka ya Mazingira ya Marekani mwaka 2002 kuhusu vituo hivi unashauri jamii ihusishwe tangu kuchagua vigezo, kabla ya kiwanja chochote kutajwa. Likitajwa eneo moja tu, maana yake uamuzi umeshafanyika na mkutano ni wa kutoa taarifa.

Kinachotoka jikoni

Sehemu kubwa ya taka za majumbani Dar es Salaam ni mabaki ya chakula na maganda: ndizi, mihogo, nanasi, ukoko wa ubwabwa. Hayo ndiyo yananuka, ndiyo yanatoa maji meusi, ndiyo yanaita nzi. Yakitengwa kwenye ndoo yake, mzigo unaofika kituoni unakuwa mwepesi na mkavu. Kinondoni ilijenga mtambo wa kutengeneza mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, hasa kwa ajili ya taka za masoko. Nyumba yenye kuku au bustani haihitaji mtambo.

Haitaondoa haja ya kituo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 jijini, karibu mara nne ya wale wa mwaka ambao Tabata walishinda kesi, na hakuna bustani za kutosha kumeza maganda yao. Lakini mtaa uliojipunguzia taka zinazooza una nguvu ya kudai kituo kidogo zaidi, kilicho mbali zaidi na shule.

Jambo la mwisho ni saa ya mkutano. Mikutano mingi ya aina hii huitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi, wakati kina mama wako sokoni na kina baba wako vibaruani, na wanaohudhuria ni wastaafu na wenye viwanja. Mwenyekiti wa mtaa aombwe kwa barua, yenye nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, usogezwe Jumamosi jioni.